Saa Moja Iliyopotea Darajani

Verlyn Odegaard alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Mrija aliokuwa ameushika kwa kibano ulikuwa unafuka moshi wa baridi, na maandishi madogo ubavuni mwake hayakusema Shemasi.

"Hebu soma wewe," akamwambia Joely Renville. "Macho yangu yananichezea."

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, bado kuna theluji chafu kando ya zizi. Mitamba kumi na wawili walikuwa wamepangwa foleni nyuma ya vyuma. Walichomwa sindano wiki iliyopita ili joto lao la kupandwa liwapate siku moja, na siku yenyewe ilikuwa hiyo. Joely alisoma mrija, akaurudisha haraka kwenye baridi kali ya mtungi usije ukayeyuka, akatoa wa pili, akatoa wa tatu. Aliangalia yote kumi na miwili. Yote ilikuwa ya yule fahali wa kawaida ambaye mbegu zake ushirika unampa kila mtu anayeomba.

Fahali Shemasi alikuwa amekufa kwa radi mwezi wa nane. Mbegu zake zilizobaki zilikuwa mirija kumi na miwili tu, hakuna mingine popote, na kamati ya ushirika ilipiga kura mirija hiyo apewe Verlyn. Asubuhi hiyo ilitoka stoo ya ushirika mjini Tolliver, upande wa mashariki wa mto Missouri, ikavuka daraja ndani ya gari la Joely, mpandishaji mpya wa mbegu za ng'ombe, miezi mitano kazini.

"Uliufungua mtungi njiani?" Verlyn akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Joely alisema hapana. Ni neno ambalo angelisema siku nzima, na kadiri alivyolisema ndivyo lilivyozidi kusikika kama uongo.

* * *

Kufikia saa 7:00 mchana walikuwa wamejaa ofisini Tolliver. Meneja Wendell Krause alikaa nyuma ya meza yake. Naibu wa sherifu, Brock Haugen, alikaa pembeni na daftari, kofia juu ya goti. Gaylen Baumgart, mtunza stoo, mwaka wake wa kumi na tisa pale, alisimama karibu na jiko la kahawa. Verlyn alikuwa na matope mpaka magotini na hakuna aliyethubutu kumwambia ajipanguse. Joely alipewa kiti cha katikati, na kitambulisho chake cha kazi kilikuwa tayari mezani kwa Wendell, kimelala kifudifudi.

Kwenye kona, nyuma ya kompyuta, alikuwa Arlys Hofer.

Arlys alikuwa karani wa kumbukumbu. Mama wa miaka hamsini na nane, mpole kiasi kwamba watu walimaliza mkutano ndipo wakakumbuka kwamba alikuwemo. Yeye ndiye aliyetengeneza fomu ambayo kila mtu pale aliilaani. Ukitoa mtungi stoo unaandika muda wa kuanza, ukiufikisha unaandika muda wa kumaliza. Ukifungua tangi kubwa la stoo, vilevile. Zamani watu waliandika ovyo, safari inaisha kabla haijaanza, na mwisho wa mwezi Arlys anakuna kichwa. Basi wiki tatu nyuma aliiwekea fomu sharti. Ukiandika muda wa kumaliza ulio nyuma ya muda wa kuanza, maneno mekundu yanatokea, na fomu haiendi mbele mpaka urekebishe.

Gaylen alikuwa akimtania kwamba fomu yake ina mdomo kuliko mwenyewe.

Sasa Wendell aliigeuza kompyuta yake ili naibu aone.

"Soma hapo, afande. Jumanne. Joely Renville. Kuanza saa 3:40 asubuhi. Kumaliza saa 5:05. Kutoka hapa mpaka kwa Verlyn ni dakika ishirini na tano, hata ukiendesha kama unapeleka mayai. Yeye katumia saa moja na dakika ishirini na tano. Kuna saa moja hapo imepotelea darajani."

Haugen alimgeukia Joely. "Ulisimama wapi, binti?"

"Sikusimama."

"Saa imeandikwa na nani?"

"Na mimi. Kwa mkono wangu. Tabuleti ya gari saa yake ilikufa tangu Krismasi, na simu yangu ilizima kwa baridi. Nilifika, nikaingia jikoni kwa Verlyn kunawa, nikaandika."

"Kwa hiyo ulifika saa 5:05."

"Nilifika mapema, afande. Nilienda moja kwa moja. Sijui hiyo hesabu imekuwaje."

Wendell alicheka puani. Alisema ni ajabu mtu kuandika saa yake mwenyewe halafu kuikana. Naibu akauliza kuhusu muhuri wa mtungi. Gaylen alieleza kwamba alitia mirija ya Shemasi mtungini saa 3:35, akaufunga kwa muhuri wa plastiki. Muhuri ulifika mzima, ni kweli, ila mihuri mingine iko mfuko mzima ndani ya gari lenyewe.

"Sitaki kumsemea mtoto wa watu vibaya," Gaylen aliongeza, akiangalia kikombe chake. "Lakini hiyo saa moja mimi siwezi kuijibia."

Naibu akamgeukia Verlyn. Huyu naye hakuwa safi machoni pake, maana mtungi ulifunguliwa zizini kwake. Verlyn akasema mtungi haukuondoka mbele ya macho yake tangu gari liliposimama. Aliupokea mwenyewe, akauweka juu ya pipa, wakaingiza mitamba pamoja, ndipo wakaufungua.

"Alifika saa ngapi?"

"Nilipomaliza kulisha."

"Mzee, hiyo ni saa ngapi?"

"Saa tatu. Saa nne. Hapo katikati."

"Ya haraka au ya polepole?"

"Wewe bwana, mimi nafuata ng'ombe. Ng'ombe hana ya haraka wala ya polepole."

Hata naibu alitabasamu. Watu wa pale wamezaliwa na jambo hilo. Mto unapita kati, na saa nazo zinagawanyika palepale. Mashariki wana saa ya haraka, magharibi wana saa ya polepole, iko nyuma kwa saa moja kamili. Ukivuka daraja kwenda kwa Verlyn saa nne, unatokea upande wa pili ni saa tatu. Kila mwaka mtu hukosa harusi yake au mazishi ya mwenziwe.

"Mlifanya kazi kwa muda gani kabla ya kufungua mtungi?"

"Muda. Mtamba mmoja aliruka uzio, Joely akamfuata mpaka mtoni, mimi nikabaki na mtungi. Mimi sikupima hayo."

Haugen aliandika kitu kifupi, na ilionekana wazi hakikuwa cha kumsaidia Joely. Wendell akasema yeye hana haja ya kungoja mahakama. Barua ya kuomba bodi ya jimbo imfutie Joely cheti cha upandishaji ilikuwa imeshapigwa chapa. Itatoka saa 11:00 jioni na gari la posta. Na mitamba wa Verlyn, kama mirija haitapatikana kabla ya jua kuzama, watangoja wiki tatu nyingine mpaka joto lirudi.

Joely hakulia. Alimuuliza Wendell kama anaweza kumpigia mama yake kwanza, kabla hajasikia dukani. Hicho cheti alikitafuta miaka miwili, akilala kwenye gari la shangazi yake nje ya chuo, na mama yake alikuwa amekitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali palipokuwa pa picha ya babu.

Arlys aliangalia kile kitambulisho kilicholala kifudifudi. Halafu akasema kitu, kwa sauti ndogo mpaka Wendell akamwambia arudie.

"Nilisema naomba kumuuliza kitu."

"Muulize, Arlys. Leo kila mtu anauliza."

Arlys alisimama, akakaa tena. "Joely, mwanangu. Ulipoingia jikoni, ulifanya nini? Kila kitu. Hata kisicho na maana."

Joely alifikiri. Alisema alivua buti mlangoni. LaVonne, mke wa Verlyn, alikuwa ameshakwenda kazini, alikuwa ameacha kipande cha keki ya kuchen mezani kimefunikwa. Alinawa. Redio ilikuwa inasoma vifo.

"Vifo?"

"Vile vya kila siku. Wakamtaja Bi. Thorvaldsen. Alinifundisha darasa la pili. Nikakaa. Sikujua kama alikuwa anaumwa. Halafu nikaangalia saa ya ukutani, nikaandika, nikatoka."

"Saa ya ukutani ilisema ngapi?"

"Si hiyo hiyo niliyoandika?"

"Jaribu kukumbuka. Uliandika ilivyo, au ulifanya hesabu?"

"Nilifanya hesabu. Kuna karatasi umebandika nyuma ya tabuleti. 'Ukiwa ng'ambo ongeza saa moja.' Nikaongeza."

Arlys alihisi masikio yanawaka moto. Ile karatasi aliiandika yeye, kwa mkono wake, na kuchora mshale, siku ileile alipoiwekea fomu sharti, ili mtu anayesoma saa ya polepole asikataliwe. Na vifo alivisikia mwenyewe asubuhi hiyo, hapahapa, redio ndogo ikiwa juu ya kabati la mafaili. Bi. Thorvaldsen, miaka tisini na moja. Vifo husomwa mara moja tu kwa siku, baada ya habari, na redio ni ya Tolliver, inafuata saa ya Tolliver. Vinaanza saa 4:05.

"Naomba simu," alisema.

Alimpigia LaVonne Odegaard kwenye shule ya msingi ya Tolliver, alikokuwa akifundisha. Alibonyeza kitufe cha spika, maana aliogopa wakimuuliza baadaye atasahau maneno. Akamuuliza saa ya jikoni kwake ni ya wapi.

"Ya haraka, mpenzi," sauti ya LaVonne ikasema, na nyuma yake watoto wanapiga kelele. "Nisipoiweka ya haraka nitachelewa kengele kila siku ya Mungu. Kwani imeharibika?"

"Haijaharibika. Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi huku. Mwaka wa sita. Muulize Verlyn. Au usimuulize, hajawahi kuiangalia."

Verlyn alimwangalia Arlys kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichokijua.

Arlys alikata simu na kumgeukia naibu, kwa sababu kumwangalia Wendell kulimtia kigugumizi. Alieleza taratibu. Joely aliingia jikoni wakati vifo vinasomwa, kwa hiyo ilikuwa saa 4:05. Saa ya ukutani ilisema 4:05, na ilikuwa ya haraka tayari. Yeye, akijua yuko ng'ambo, akadhani ni ya polepole, akaongeza saa moja kama karatasi ilivyomwamuru. Ikawa 5:05. Fomu ikaangalia kama 5:05 iko mbele ya 3:40, ikaona iko mbele, ikakubali.

"Nimeifundisha ikatae mwisho unaotangulia mwanzo," alisema. "Sikuifundisha ikatae mwisho ulio mbali mno. Toa ile saa moja. Zinabaki dakika ishirini na tano. Hizo ni za barabara, hazina nafasi ya kuvunja muhuri na kuhamisha mirija kumi na miwili moja moja. Na tangu kufika, mtungi ulikuwa mbele ya Verlyn."

Naibu alipiga hesabu kwenye daftari lake, akaipiga tena pembeni. Joely alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Basi haukuchezewa njiani wala zizini," Haugen alisema.

"Hapana."

"Basi ulitoka hapa hivyohivyo."

Hakuna aliyemwangalia Gaylen mara moja. Walimwangalia mmoja mmoja, na Wendell alikuwa wa mwisho.

* * *

Gaylen aliweka kikombe chini. Alisema sawa, wamuulize, yeye hana cha kuficha. Naibu alimuuliza mara ya mwisho kuiona mirija ya Shemasi kwa macho yake ni lini. Akajibu jana, Jumatatu. Alifungua tangi kubwa saa 10:30 alasiri kuihesabu na kuitenga tayari kwa kesho. Wendell mwenyewe alipita hapo akielekea nyumbani, akamwona akianza kuandika kwenye simu. Wendell akakubali. Gaylen alimaliza saa 10:50, akafunga, akakaa stoo kusafisha hadi jioni, akaenda kwenye mchezo wa kuviringisha matufe na timu yake saa 12:00. Mirija ilikuwa kumi na miwili, ya Shemasi, salama.

"Ulivuka mto jana?"

"Sijavuka tangu Ijumaa. Nitafute nini ng'ambo?"

"Na asubuhi leo ulipoitia mtungini, ulisoma majina?"

"Nilishasoma jana, afande. Leo nilihamisha tu."

Lilikuwa jibu zuri, na naibu alionekana kulikubali nusu. Mtu mwingine angeweza kuingia usiku. Funguo zilikuwa mbili, ya Gaylen na ya Wendell, na Wendell alianza kubadilika rangi mwenyewe. Akauliza kama sasa anashukiwa yeye. Naibu akamwambia atulie kwanza, na alivyosema hivyo Wendell hakutulia kabisa.

Arlys alikuwa amerudi kwenye kona yake. Kulikuwa na kitu hakuna mtu pale aliyekijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipoiwekea fomu sharti, aliogopa itasumbua watu. Basi akaifungulia daftari pembeni, ndani kwa ndani. Kila fomu inapokataa, linaandika jina la mtu, alichojaribu kuandika, alichorekebisha, na saa ya kompyuta ya ofisi wakati huo. Alitaka tu kujua nani anahangaika, ili amsaidie bila kumwaibisha.

Alilifungua. Akateremka hadi Jumatatu. Jina lilikuwa moja tu.

*Gaylen Baumgart. Kufungua tangi kubwa. Kuanza 10:30. Kumaliza 10:10. Imekataliwa. Saa ya ofisi 11:10.*

Na chini yake:

*Kumaliza 10:50. Imekubaliwa. Saa ya ofisi 11:11.*

Mara ya kwanza aliona ni kosa la kidole tu. Aliusoma mstari mara ya pili, macho yakienda kutoka 10:10 mpaka 11:10, kisha yakirudi.

"Gaylen," alisema. "Jana ulipofunga fomu, uliandika kwa mkono au ulibonyeza kile kitufe cha Sasa?"

"Sikumbuki. Kitufe, nadhani. Kuna nini tena?"

"Kitufe kinachukua saa ya simu yako."

"Ndiyo, ndiyo. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Kwa nini hukufunga 10:50 yenyewe? Kwa nini ulingoja mpaka 11:10?"

Gaylen akasema nani kasema aliifunga 11:10. Arlys akageuza kompyuta yake. Ilikuwa nzito, ya kizamani, na Joely alisimama akamsaidia kuigeuza.

"Umekataliwa mara moja," Arlys alisema. "Ulianza 10:30, ukabonyeza Sasa, simu ikaandika 10:10. Fomu ikakukatalia. Ukaandika 10:50 kwa mkono, ikapita. Lakini hapa ofisini wakati huo ilikuwa 11:10 kamili. Gaylen, simu yako haikukosea. Inajibadilisha yenyewe ikifika katikati ya daraja. Ilisema 10:10 kwa sababu ulikokuwa ilikuwa 10:10."

Jiko la kahawa likatoa mlio wake.

"Ulikuwa ng'ambo," Arlys akasema, "na tangi la hapa lilikuwa bado wazi kwenye fomu, kwa sababu uliianza mbele ya Wendell ukaondoka bila kuifunga. Ukisahau kulifunga kwa robo tatu za saa, fomu inamtumia Wendell ujumbe. Zilikuwa zimebaki dakika tano."

Wendell alisema jina la Gaylen, mara moja tu, kwa sauti ya kumwomba akatae.

Gaylen hakukataa. Alivuta kiti, akakaa, akawa mtu mzee ghafla. "Nilidhani nimebonyeza vibaya," alisema. "Maneno mekundu yakaja. Nikajisemea, hii fomu ya Arlys na mdomo wake."

"Iko wapi?" naibu akauliza.

"Kwa dada yangu Corinne, ng'ambo. Kwenye mtungi wa zamani, ghalani. Ni mizima. Sijaitumia hata mmoja. Corinne hajui."

Verlyn ndiye aliyeuliza kwa nini, na aliuliza kama jirani, si kama mtu aliyeibiwa. Gaylen alieleza akiangalia sakafu. Shemasi alizaliwa kwa Corinne. Ng'ombe aliyemzaa alikufa wakati wa kuzaa, kwenye ile theluji kubwa ya miaka saba iliyopita, na Gaylen alimlea kwa chupa ndani ya chumba cha kufulia, akilala naye kwenye zulia. Mwaka uliofuata walilazimika kumwachia ushirika. Majira ya baridi haya Corinne alipoteza nusu ya ng'ombe wake. Gaylen aliomba kamati mirija minne tu, damu ya Shemasi irudi nyumbani. Kamati haikumjibu hata kwa barua, ikapiga kura yote iende kwa Verlyn, mwenye zizi kubwa.

"Nilitia mingine mahali pake," alisema. "Ndama wote wangekuwa weusi. Nani angejua? Sikufikiri kuna mtu anasoma yale maandishi madogo."

"Mimi nasoma," Verlyn akasema. "Nikivaa miwani."

"Sikumlenga Joely. Sikumfikiria kabisa."

"Lakini ulikaa hapo," Joely alisema. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile na mchana ule sauti yake kusikika kavu. "Ukanywa kahawa. Ukasema hiyo saa moja huwezi kuijibia. Ukaniacha hapa kwenye kiti."

Gaylen akaitikia kwa kichwa tu. Ndiyo, alikaa hapo.

* * *

Haugen alivuka daraja na Gaylen kwenye gari la polisi, akarudi saa 9:15 alasiri na mtungi mkuukuu umefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele, Gaylen amekaa nyuma. Joely alivaa glavu, akatoa mrija mmoja mmoja na kusoma kwa sauti, na kila alipomaliza Verlyn aliitikia kwa kichwa. Shemasi. Shemasi. Shemasi. Mpaka kumi na mbili. Ulipozama wa mwisho, Verlyn alivuta pumzi ndefu iliyosikika chumba kizima, akasema sasa anaweza kujipangusa matope, lakini hakujipangusa.

Kuhusu Gaylen, naibu alisema kesi itaandikwa, mirija imerudi yote, hakimu ataona mwenyewe. Verlyn alimwambia naibu aandike pia kwamba yeye angempa Corinne mirija minne, kama angeombwa. Gaylen aliangalia dirishani.

Wendell alichana ile barua vipande viwili. Joely akamwambia samahani, bosi, naomba vipande. Akavikunja, akavitia mfukoni, akasema mama yake hatamwamini bila kuviona. Halafu Wendell akageuza kile kitambulisho, picha ikaangalia juu, akakisukuma mezani. Alisema amekosea. Halikuwa neno alilolizoea, alilitamka kama anaonja chakula cha mtu mwingine.

Joely alipita kwenye kona ya Arlys akiwa na mtungi mkononi.

"Ile karatasi nimeibandua," Arlys alimwambia upesi, kabla hajasemwa. "Yote ni makosa yangu, mwanangu. Sharti langu, karatasi yangu, mshale wangu."

"Na lile daftari?"

"Nalo langu."

"Basi tuko sawa, mama," Joely alisema. "Ila nitakuletea kuchen. Hicho kipande cha LaVonne sikukila, nilikuwa na huzuni ya Bi. Thorvaldsen. Sasa nina njaa mpaka naona nyota."

Akatoka. Arlys alimwona dirishani akiufunga mtungi ndani ya gari kwa mikanda miwili, akiuangalia, kisha akiongeza wa tatu.

Arlys alikuwa na dakika ishirini na tano kabla Joely hajafika. Alivuta kiti, akafungua fomu upande wake wa ndani, ule watu wasiouona. Pembeni ya muda wa kuanza akaweka kisanduku kidogo, haraka au polepole. Pembeni ya muda wa kumaliza, vilevile. Akaifundisha fomu kwamba kabla ya kulinganisha, izilete saa zote upande mmoja wa mto. Na ikiona safari ndefu kuliko barabara yenyewe, isinyamaze, iulize, lakini kwa upole, bila wekundu. Aliandika maneno ya swali mara tatu kabla hajaridhika nayo. Mwishowe akaacha: *Safari hii imechukua muda. Uko salama? Saa ni ya wapi?*

Wendell alileta kahawa mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya, akasimama nyuma ya kiti chake. Redio ilikuwa inaimba chini chini juu ya kabati.

Kwenye kompyuta, mstari mpya ukatokea.

*Joely Renville. Kuanza 9:30, ya haraka. Kumaliza 8:55, ya polepole.*

Arlys alishika kikombe hewani, akangoja maneno mekundu.

Fomu haikusema kitu.